Vantilatere ya ordinatere: historia ya kelele moja, na sababu gani ku Bunia tusiinyamazishe kwa kukata waya



Ukipita asubuhi kwenye sekretaria yoyote ya kupiga memware hapa Bunia, tuseme upande wa Lumumba ao Nyakasanza, utasikia sauti tatu: pikipiki njiani, grupu nyuma ya nyumba, na vantilatere ndani ya ordinatere. Mbili za kwanza tumeshazizoea. Ya tatu ndiyo inaleta malalamiko, na mara nyingi dawa inayotolewa ni hii: "Mukubwa, tuikate tu, inatuumiza masikio." Kijana anafungua boksi, anachomoa waya, mashini inanyamaza, kila mtu anafurahi. Majuma machache yanapita, mashini inaanza kujizima katikati ya kazi. Halafu siku moja haiwaki tena, na memware ya mtu iko ndani.

Mimi ni mtu wa agronomia, siko wa informatiki. Lakini kelele hii ni jambo la hewa, joto na vumbi, na hivyo vitatu tumevisoma. Tena iko na historia yake, na nimeona kwamba ukiijua ile historia hutakata waya tena. Kwa ndugu zetu wa Kampala, Nairobi na Dar es Salaam wanaosoma hapa: ordinatere ndiyo kompyuta, vantilatere ndiyo feni.

Wazo langu ni moja tu. Ordinatere ilizaliwa ndani ya chumba baridi. Baadaye watu waliitoa mule, na vantilatere ndiyo kipande cha mwisho cha chumba kile kilichobaki nayo. Kuikata ni kuinyima mashini hewa yake.

1. Wakati ordinatere ilikuwa na chumba chake

Mwezi wa pili 1946, ku Philadelphia, Marekani, Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilionyesha watu mashini iliyoitwa ENIAC. Ilikuwa na uzito wa tani 30 hivi, na ndani yake lampu za kioo karibu 18,000. Ilikula kilowati zaidi ya 140. Fikiria pasi za umeme 140 zinawaka pamoja ndani ya nyumba moja, bila kuzimwa. Umeme wote ule, ukishafanya hesabu, unageuka joto. Hauna njia ingine ya kwenda.

Kwa hiyo tangu siku ya kwanza watengenezaji waliweka mashini kubwa za kusukuma hewa, na vyombo vya kupima joto ambavyo vilikata umeme vyenyewe kama joto linapita kiasi. Tushike jambo hili: hewa haikuongezwa baadaye sawa pambo. Ilikuwa sehemu ya mashini tangu mwanzo.

Hata upande wetu wa Afrika mambo yalianza hivyo. Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ya Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza. Mashini za kizazi kile zilikaa katika chumba chao peke yao, mlango umefungwa, hewa inapozwa, vumbi haliingii. Ilikuwa mali ya gharama kubwa na ya kuangaliwa sana, hata mwaka 1974 serikali ile ile ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Kelele ilikuwepo, tena kubwa, lakini ilibaki nyuma ya mlango. Karani wa ofisi ya pili hakuisikia.

2. Chumba kinaingia ndani ya boksi

Tarehe 12 mwezi wa nane 1981 kampuni ya IBM ilitoa ordinatere ya mezani ambayo wajukuu wake ndio tunao mpaka leo. Prosesa yake ilikuwa 8088, yenye kula wati 2 hivi, na haikuhitaji vantilatere yake yenyewe. Lakini boksi ya alimantasio, ya wati 63.5, ilikuwa na vantilatere moja iliyovuta hewa ya boksi nzima na kuitupa nyuma. Chumba baridi kilipunguzwa kikawa tundu moja lenye mabawa yanayozunguka. Na kelele, ambayo zamani ilifungiwa nyuma ya mlango, sasa ikakaa juu ya meza, nusu meta kutoka masikio ya mfanyakazi.

Kuna mtu aliyeichukia kabisa kelele ile: Steve Jobs wa Apple. Mwaka 1977 kampuni yake ilitoa Apple II bila vantilatere. Iliwezekana juu mhandisi Rod Holt alitengeneza alimantasio ya aina ingine, yenye kutoa joto kidogo kuliko zile za wakati ule. Ukimya huo ulipatikana kwa kupunguza joto lenyewe, na hiyo ni njia ya haki.

Halafu ikaja Apple III, mwaka 1980. Jobs akaamuru tena: hakuna vantilatere. Safari hii mashini ilikuwa kubwa zaidi, imejaa zaidi, na joto lake lilitakiwa kutoka kupitia ganda zito la aluminiamu. Mashini zikaanza kuharibika. Inasimuliwa hadi leo kwamba wateja walishauriwa kuinua mashini sentimeta chache juu ya meza na kuiachilia ianguke, ili vipande vilivyolegea ndani virudi mahali pake. Wengine wa kampuni walitetea wakisema kosa lilikuwa kwenye sahani ya ndani, nyaya zake zimebanana mno. Inawezekana yote mawili yalichangia. Lakini kampuni ilibadilisha bure mashini 14,000 hivi za kwanza, na jina la Apple III halikupona tena.

Mwaka 1984 Macintosh ya kwanza ilitoka, nayo bila vantilatere, mpaka watu wakaitania kwa jina la mashini ya kuchoma mkate. Mwaka 1987 kampuni ile ile ilirudi nyuma: Macintosh SE ikawekewa vantilatere. Ile ya kwanza ilipiga kelele sana, watu wakalalamika, na baadaye ikabadilishwa kwa ingine yenye sauti ya chini.

Angalieni mwisho wa kesi ile. Hawakuitoa. Walitafuta iliyo bora. Joto halitii amri ya mkubwa, hata mkubwa mwenye kampuni.

3. Miaka ya moto

Mwaka 1993 Intel ilitoa prosesa ya Pentium, na yenye kasi zaidi ya zile mbili za kwanza iliweza kula wati 16 hivi. Kuanzia hapo ikawa kawaida kuona radiatere ya aluminiamu juu ya prosesa, na juu ya radiatere vantilatere ndogo. Mwaka 2004 Pentium 4 za aina mpya zikapita wati 100. Yaani ndani ya miaka 23 tulitoka wati 2 tukafika zaidi ya 100, katika kijipande kinacholingana na ukucha wa kidole gumba. Mnakumbuka balbu ya zamani ya wati 100? Nani aliweza kuishika kwa mkono?

Kipindi hicho ndicho kilichozaa kelele mbaya tunayoijua. Vantilatere ndogo inalazimika kukimbia sana ili ipitishe hewa ya kutosha, na mbio ndizo zinazopiga kelele. Hesabu ya wahandisi inasema hivi: ukipunguza mzunguko wa vantilatere kwa nusu, hewa inapungua kwa nusu, lakini sauti inashuka kwa desibeli 15 hivi, na sikio linaona tofauti kubwa sana. Tena ukiongeza upana wa mabawa mara mbili, unaweza kupata hewa ile ile kwa mzunguko wa polepole sana. Mama anayepeta mchele analijua hili bila desibeli: ungo mpana, mkono wa taratibu, na makapi yanatoka.

Basi ukimya ulirudi kwa njia tatu. Kwanza, vantilatere pana za milimita 120 zilichukua nafasi ya zile ndogo. Pili, zikaja zenye waya nne, ambazo mashini yenyewe inaziongoza: kazi ikiwa kidogo zinatembea, kazi ikizidi zinakimbia. Tatu, watengenezaji walipunguza joto lenyewe. Mwaka ule ule wa 2004 Intel iliacha mpango wa prosesa ya moto zaidi iliyokuwa inafuata, ikageukia prosesa zenye viini viwili vinavyogawana kazi. Njia tatu zote, na hakuna hata moja inayosema "kata waya."

4. Mashini inafika ku Bunia

Sasa turudi kwetu. Vita vya Ituri vya 1999 hadi 2003 viliacha mji huu umeporwa. Mwezi wa sita 2003 jeshi la Ulaya la operesheni Artemis, likiongozwa na Wafaransa, liliingia Bunia, na mwanzo wa mwezi wa tisa likaachia MONUC. Mji ulipopumua, biashara na masomo vikarudi, na ordinatere zikaanza kuingia. Nyingi za sekretaria zetu zinatumia mashini za mkono wa pili, zilizopitia Kampala, zikavuka ku Mahagi ao kwenye ziwa Albert.

Tufikirie maisha ya mashini ile. Ilitengenezwa kwa ofisi yenye tapi chini, madirisha ya kioo na digri 20 mwaka mzima. Imetumika huko miaka mingi. Inafika hapa mafuta ya vantilatere yake yakiwa yamekauka nusu, na inakutana na mambo matatu.

La kwanza ni vumbi. Udongo wetu mwekundu ni wa kifinyanzi chenye kutu ya chuma. Chembe zake ni ndogo mno, nyingi hazifiki elfu mbili ya milimita, zinaelea hewani na kushika popote. Kati yao kuna chembe za mchanga mgumu, na hizo zinasaga. Kuanzia mwezi wa kumi na mbili mpaka wa pili, wakati mvua imekatika, pikipiki zinainua vumbi lile na vantilatere inalivuta ndani. Mvua ikirudi, unyevu unaligandisha. Kati ya mapezi ya radiatere inabaki kitu sawa blanketi. Prosesa inavaa blanketi, inaona joto, inaamuru vantilatere ikimbie zaidi. Ikikimbia zaidi, inavuta vumbi zaidi. Ndiyo maana kelele inapanda mwezi kwa mwezi.

La pili ni urefu wa mji. Bunia iko karibu meta 1,275 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi kwa asilimia 12 hivi kuliko hewa ya Mombasa. Vantilatere ile ile, kwa mzunguko ule ule, hapa inabeba joto kidogo zaidi ya 10% pungufu. Si balaa, lakini inaongezeka juu ya vumbi.

La tatu ni kura. Umeme wa Budana, kwenye mto Shari, ni barazo la zamani la wakati wa Wabelgiji lililojengwa kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Kilo. Mji umekua, barazo halijakua. Kura ikishuka, alimantasio inavuta ampere nyingi zaidi ili itoe nguvu ile ile, na yenyewe inapata moto. Kisha kura inakatika, grupu inawashwa, vantilatere inaanza tena kutoka sifuri. Kila mwanzo ni mzigo kwa mhimili uliokauka.

Kwa hiyo mashini inayolia ku Bunia haina pepo mbaya. Inasema ukweli kuhusu mahali ilipo.

5. Kelele inasema nini, na tufanye nini

Kelele si za aina moja. Tuzisikilize sawa vile mfugaji anavyosikiliza kikohozi cha mbuzi.

Ikiwa ni upepo mkali usiokatika, hilo ni vumbi. Ikiwa ni "tik-tik-tik" ya haraka, kuna waya inayogusa mabawa: ivute pembeni na uifunge. Ikiwa ni mtetemo wa boksi nzima, bisi imelegea, ao mabawa yamepata uzito upande mmoja. Ikiwa ni kukwaruza ao kulia asubuhi halafu inanyamaza ikipata moto, mafuta ya mhimili yamekwisha.

Kusafisha: zima mashini, chomoa waya ya kura, ngoja dakika chache, toa nje ya nyumba. Zuia mabawa kwa kidole ao kijiti wakati wa kupuliza, juu yakizungushwa kwa nguvu ya hewa yanapita mbio yake na mhimili unaumia. Tumia brashi laini ya rangi. Ukienda kwa wajaza matairi kutumia kompresa yao, waambie wamwage kwanza maji ya tangi, na usimame mbali kidogo: maji na nguvu nyingi ni maadui. Safisha hasa kati ya mapezi ya radiatere, pale blanketi linapokaa. Boksi ya alimantasio usiifungue. Ndani yake kuna vyombo vinavyobaki na umeme wa kuua hata baada ya kuchomoa waya. Hiyo ipulizwe kutoka nje, ao apelekewe fundi.

Mafuta: vantilatere nyingi za bei ndogo zina mhimili unaozunguka ndani ya bomba la shaba lililonyweshwa mafuta. Toa karatasi ya gundi iliyo katikati, kama kuna kifuniko cha mpira kitoe, tia tone moja ao mawili ya mafuta ya mashini ya kushona, zungusha kwa mkono, rudisha, hakikisha karatasi inashika vizuri. Msitie mawese. Hapa naongea kwa elimu yangu mwenyewe: mawese yanaganda kwenye baridi ya usiku wa Bunia, na mafuta mengi ya mimea yakikaa kwenye joto na hewa yanageuka gundi. Juma moja utashangilia, mwezi wa pili vantilatere itasimama kabisa. Na kama mhimili umeshalegea, unacheza kushoto na kulia, mafuta ni ya kuvuta siku tu. Nunua ingine.

Pate ya prosesa: mashini ya miaka mingi pate yake imekuwa unga. Pangusa kwa alkoli ya farmasi, si kwa kaikpo yenye maji, kisha weka mpya kidogo, ukubwa wa punje ya mchele.

Mtetemo: kata vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, weka kati ya vantilatere na boksi, na chini ya miguu ya boksi. Ni bure na inasaidia sana.

Mahali: inueni mashini kutoka chini. Vumbi la sakafu ni zito kuliko la mezani. Bibi zetu walijenga ghala juu ya miguu kwa sababu hiyo hiyo, mahindi yapate hewa. Rundo la mahindi yenye unyevu linajipikia lenyewe kutoka ndani, na ordinatere iliyozibwa nayo inafanya vile vile.

6. Sababu gani inatuhusu sisi

Mtu anaweza kusema: haya ni mambo ya fundi, sisi walisansie tunaingiaje? Tunaingia hivi. Vita vilipoteza karatasi nyingi za mji huu: diplome, vyeti vya kuzaliwa, makaratasi ya mashamba. Kizazi chetu kiliamua kuweka kila kitu ndani ya mashini. Memware, takwimu za mashamba, orodha za mbegu, orodha za familia zilizokimbia Djugu na Irumu. Kazi ya miaka miwili ya mwanafunzi, iliyokusanywa kwa miguu katika vijiji ambavyo leo hakuna mtu anaweza kufika, mara nyingi iko kwenye diski moja, ndani ya boksi moja, chini ya meza moja ya sekretaria. Flashi iko, lakini haijajazwa tangu mwezi uliopita.

Mashini mpya zinajua kujilinda kidogo: zikipata moto zinapunguza mwendo, kisha zinajizima. Za zamani ni dhaifu zaidi, na hata zile zinazojizima zinaweza kuzima na ukurasa uliokuwa haujahifadhiwa. Kelele ndiyo onyo pekee linalokuja mapema, tena bila malipo. Wenye kampuni kubwa walijaribu kulinyamazisha kwa amri, na ikawagharimu mashini 14,000. Sekretaria ya Nyakasanza iko na tatu tu.

Pendekezo langu kwa chama chetu ni dogo. Mwezi wa kumi na moja, kabla vumbi halijaanza, na tena mwezi wa tatu likishatulia, kila mmoja wetu mwenye turnevisi na brashi achukue sekretaria moja ya mtaa wake, asafishe mashini zake pamoja na kijana anayezitumia, amwonyeshe namna ya kusikiliza. Saa moja kwa mashini inatosha. Kabla ya kufungua boksi, mwambieni kwanza anakili memware zote kwenye flashi.

Na mkikuta waya ya vantilatere imechomolewa, irudisheni.